Miguu Iliyokuja Kanisani Ikiwa Safi

Harufu ya sabuni ya waridi hunipandisha hasira. Mnicheke mkitaka. Juzi nililala nyumba ya wageni pale Masasi mjini, nikaingia kuoga, nikafungua kile kipande kidogo chenye rangi ya waridi walichoweka juu ya taulo, na kabla sijalowa hata nywele nilikuwa nimeshanuna. Nilikirudisha kwenye karatasi yake nikaoga maji matupu. Asubuhi dada wa mapokezi aliponiuliza kama nimelala salama nilimjibu vibaya, masikini, na wala hakuwa na kosa lolote.

Kosa ni la zamani. Ni letu sisi wa kanisani kwetu, na fungu kubwa ni langu. Sasa nina miaka thelathini na sita; wakati ule nilikuwa na kumi.

Kwetu ni juu Umakondeni, upande wa Newala, si mbali sana na Kitangari. Mtu wa kwetu akikwambia ana shida ya maji, hakutanii. Ardhi yetu inameza mvua yote, haibakizi hata dimbwi la kuchezea watoto. Maji yako bondeni, chini kabisa ya mteremko, na kile kijia ukishuka na ndoo tupu unapiga soga, ukipanda na ndoo iliyojaa hata jina lako unalisahau. Mwenye nyumba ya bati alichimba kisima uani, akakisakafia kwa saruji, mvua ikinyesha bati linamtiririshia humo. Mwenye nyumba ya nyasi alikuwa na miguu yake tu. Sisi tulikuwa na bati. Kisima chetu kilikuwa na mfuniko wa chuma na kufuli, na ufunguo Mama aliufunga kwenye pindo la kanga.

Mama yangu, Mama Tumaini (Tumaini ndiye mimi), alikuwa kiongozi wa kina mama wa kanisa. Sitaki mumdhanie vibaya. Alikuwa mtu wa kuamka kwenda kuuguza wagonjwa wa watu, na Kwaresima alifunga kwelikweli, si kufunga kwa mdomo. Ndiyo maana hasira yangu haina pa kutulia. Yale mambo yangefanywa na watu waovu ningeshayasahau.

Kila Alhamisi Kuu Padre aliwaosha miguu watu kumi na wawili, kama Bwana alivyowaosha mitume. Kwetu hao kumi na wawili walichaguliwa miongoni mwa wasiojiweza: wajane, wazee wasio na watoto, kipofu mmoja. Baada ya kuoshwa kila mmoja alipewa sukari kidogo na sabuni ya waridi ya kuogea. Naomba mlitafakari hilo. Mtu hana maji, anapewa sabuni, kisha kanisa zima linamtazama usoni kuona kama amefurahi.

Mwaka ule mvua zilikatika Februari. Mahindi yalijikunja shambani, na kina mama wa nyumba za nyasi wakawa wanashuka bondeni alfajiri na kurudi jua limewaka. Sisi kisima chetu kilikuwa bado nusu. Jumatano ya Juma Kuu Mama aliniita. Mwaka uliotangulia, alisema, Padre alipofika mtu wa tatu maji ya beseni yalikuwa mekundu kama yamekorogwa udongo, na wageni kutoka parokia nyingine wameketi palepale wanaangalia.

"Zunguka kwa wote kumi na wawili," akaniambia. "Waambie kesho waje miguu wameshaiosha, na waipake mafuta. Padre si wa kusugua matope."

Hakuna aliyecheka. Baba alikuwepo, shangazi alikuwepo, wote wakaona ni jambo la maana. Nami nikatoka kifua mbele, maana kutumwa na Mama kazi ya kanisa kulikuwa kunanifanya nijione nami ni mtu.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bibi Skola. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye goti bovu lililomfanya atembee anayumba, na aliishi na mjukuu wake wa miaka minne, Faraja. Nilimkuta nje anamenya mihogo. Kando ya mlango palikuwa na ndoo moja ya maji, imefunikwa sinia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mama hajambo?"

"Hajambo. Anasema kesho mje kanisani miguu misafi. Muioshe hukuhuku nyumbani."

Akacheka mpaka akaweka kisu chini. "Sasa Padre ataosha nini?"

Sikucheka. "Mama ndiye kasema."

Kicheko kikamwisha. Alijua, kama wote walivyojua, kwamba anayemkaidi Mama Tumaini mwakani jina lake halimo. Akaitazama ile ndoo. "Haya nimeyatoa bondeni leo," akasema. "Goti limegoma, nilitaka yatufikishe Jumamosi." Aliniambia hivyo waziwazi. Siwezi kujitetea leo kwamba sikujua.

Akachota kata moja, akaketi juu ya jiwe, akajimiminia miguuni. Beseni hakuwa nalo; maji yakaingia ardhini palepale. Miguu yake ilikuwa na magaga, na ndani ya kila ufa udongo wetu mwekundu umekaa miaka. Basi mimi, mtoto wa miaka kumi, nikainama kuikagua kama mwalimu wa zamu.

"Bibi, hapo kisiginoni bado."

Akachota nyingine, akasugua kwa gunzi.

"Na huku pembeni."

Akachota tena. Hakunikaripia, hakusema nenda zako we mtoto. Nilimsimamia mpaka kata ikagonga kitako cha ndoo. Faraja akaja na kikombe chake, Bibi akaiinamisha ile ndoo na kumpa yaliyobaki. Kisha akanyoosha miguu yote miwili niione, akaniambia nikamwambie mama iko tayari. Nami nikaenda, nikamwambia.

Kesho yake kanisa lilijaa. Beseni lilikuwa letu, jagi letu, maji ya kisima chetu. Padre alipiga magoti mbele ya kila mmoja, na miguu ilikuwa inang'aa kwa mafuta kuliko ya bibi harusi. Mtu wa tatu akapita, wa sita, wa tisa, maji bado meupe. Kina mama wakawa wanatazamana na kuitikia kwa vichwa, kazi imefana. Wa mwisho alikuwa Bibi Skola. Padre akamwosha, akamfuta, na kijana wa altare akainama kulibeba beseni akalimwage. Bibi Skola akaweka mkono ukingoni mwa beseni.

"Padre, naomba hayo maji mnipe mimi."

"Maji haya, Bibi?"

"Ndiyo, baba. Ni ya nyumbani."

Mguno ulitoka mbele mpaka mlangoni. Mwanamke aliyekaa nyuma yangu akasema, "Yesu wangu! Anataka nyayo za watu!" Kwetu maji yaliyooshea miguu ya watu si kitu cha kuombwa. Anayeyataka anajulikana anayatakia nini, na jina la kitu hicho halitamkwi kanisani. Padre alikuwa kijana, mgeni kwetu, akawa anageuza shingo huku na huku kutafuta msaada. Mama akasimama, akaujia ule mkono, akauondoa kwenye beseni kidole kimoja kimoja. Maji yakatolewa nje. Nilisikia yakimwagwa ukutani.

Kanisa zima, jamani! Watu wote wale, na kila mmoja akiangalia angani anajua mvua hakuna, na hakupatikana hata mmoja wa kufikiri kwamba mwanamke anayeomba maji huenda hana maji. Uchawi uliwajia haraka kuliko kiu.

Nyumbani Mama alilitua beseni kwa kishindo. "Unawaosha, unawapa sukari, unawapa sabuni. Shukrani yao ndiyo hii!"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ilikuwa ni kusema tu: Mama, ndoo yake aliimaliza jana kuosha miguu, nami nilikuwepo. Maneno machache. Lakini yangenitoka na lile neno la kisigino, nami niliogopa. Nikaenda kuosha vyombo.

Ijumaa Kuu watu wakiwa kanisani, Bibi Skola alishuka bondeni na goti lake. Alipokuwa anarudi ibada ilikuwa imeisha, wakampita njiani, ndoo kichwani, na juu ya maji ameweka majani. Nani kwetu haweki majani juu ya ndoo ili maji yasimwagike? Mama aliweka, mimi niliweka, mke wa katekista aliweka. Lakini siku ile majani ya Bibi Skola yakawa dawa. Kumbe ndiyo maana hakuja kusali, wakasema, alikuwa porini anachuma.

Jumamosi wazee wa kanisa wakamwita. Walikaa chumba cha nyuma cha kanisa, na Mama akanituma nipeleke birika la chai. Nilipoingia, mzee wa kanisa alikuwa anamuuliza, kwa mara ya ngapi sijui, yale maji alitaka ya nini.

Bibi Skola akainua macho akanikuta nimesimama na birika. Niliona kabisa kwamba anaweza kusema, na kwamba akisema nimekwisha.

"Ya nyumbani, baba," akajibu.

"Nyumbani ya nini?"

"Ya nyumbani tu."

Wakamzuia kushiriki Meza ya Bwana kwa miezi mitatu, akae benchi la nyuma. Jumapili ya Pasaka alikaa hukohuko, na watu wakabana upande mmoja asiwaguse. Faraja akakosa wa kucheza naye. Miezi ilipoisha alisimamishwa mbele aombe radhi na kushukuru. Akashukuru! "Nalishukuru kanisa kwa kunivumilia," akasema, na wazee wakaitikia amina kwa sauti nene, wameridhika. Jina la mchawi halikumtoka. Kila mtoto aliyeugua homa mtaani kwetu, watu walitazama upande wa nyumba yake.

Miaka michache iliyopita nilikwenda kumtazama. Alikuwa kitandani, amebaki mifupa, Faraja ameshakuwa mama na ndiye anayemlisha. Nilikuwa nimekwenda kuomba msamaha, lakini mdomo ulipofunguka nikajikuta namfokea mgonjwa.

"Kwa nini hukusema, Bibi? Kwa nini ulikubali?"

"Ningesema nini? Kwamba mtoto wa Mama Tumaini alinisimamia nikamwaga maji?" Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi niiname. "Mama yako angekuchapa mbele ya wazee wale. Nilikuona unavyotetemeka na lile birika. Nikajisemea, benchi la nyuma haliniui mimi, lakini katoto haka katapigwa leo."

Nilimwambia Jumapili nitasimama kanisani niseme yote. Akakataa. "Mama yako ameshazeeka. Mwache apumzike."

Nilitaka anitukane. Ningeshukuru kama angenitukana. Utotoni nilifundishwa kwamba huruma ni kitu tulicho nacho sisi wenye bati, tunawapelekea wao mara moja kwa mwaka, na wao wanatulipa kwa kusema asante. Na kumbe Pasaka ile aliyehurumiwa nilikuwa mimi. Nimekula, nimesoma, nimeitwa mtoto mwema kwa jasho la mwanamke aliyetengwa, na asante sikuwahi kusema, maana sikujua kama kuna nilichopewa. Nilipojua, nilimfokea.

Bibi Skola alifariki mwaka jana. Makaburini mzee wa kanisa alisoma wasifu wake: alizaliwa, aliolewa, alibatizwa, wakati mmoja alipotoka lakini kwa neema akarudi kundini. Watu wakaitikia amina. Nilikuwa nimesimama karibu na Faraja, nikamwona anauma mdomo, na mimi mtu mzima nikanyamaza tena, kwa sababu Mama alikuwa ameketi mbele yangu kwenye kiti cha plastiki.

Sasa basi. Mama yu hai, na najua kuna mtu atamsomea haya. Amsomee. Mzee wa kanisa naye ayasikie, na walioitikia amina. Bibi Skola hakupotoka. Aliishiwa maji, na aliyemmalizia ni mimi.