Siku Nilipoipeleka Kwaya Darajani

Aibu niliyoipata pale darajani, chini ya kijiji chetu cha Heru Juu, nadhani niliirithi, maana baba yangu mdogo kule Titye, mimi nikiwa bado nachunga mbuzi, alinunua redio isiyo na betri, akawa anazunguka nayo gulioni ameibana sikioni, anatikisa kichwa, na mtu akikaribia anaimba mwenyewe kwa puani ili ionekane inapiga (mpaka siku bibi mmoja muuza chumvi alipomwomba aongeze sauti). Basi ukoo wetu ndivyo ulivyo, tunapenda kusifiwa kwa kitu kabla hakijatoa sauti.

Sasa huyu mjukuu wangu Neema, niliyemlea tangu mama yake afariki, alimaliza kidato cha sita vizuri, chuo kikuu kikamkubali. Jioni moja anamenya mihogo akaniambia, "Babu, chuo siendi. Nimepata uanagenzi kwa mainjinia wa barabara, pale kwenye daraja jipya. Nitajifunza kujenga madaraja nikiwa palepale kazini." Mimi shule niliishia darasa la pili (mwalimu alihamia Kibondo, nami nikahamia porini), ningembishia kwa lipi? Nikamwambia, "Ilimradi lisianguke, mjukuu wangu."

Jumapili katekista akatangaza kanisani, "Mjukuu wa mzee Lazaro anakwenda chuo kikuu!" Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama niseme sivyo. Kusimama nilisimama, lakini nikapunga mkono.

Wiki haijaisha kwaya imeshatunga wimbo, kina mama wameshakubaliana vitenge, na asubuhi ya safari uani kwangu hapatoshi. Na kwetu Buha msafiri hasindikizwi mpaka mlangoni, anasindikizwa mpaka apande gari na vumbi lake mlione. Neema akaninong'oneza, "Babu, nisipofika saa mbili nafasi yangu anapewa mwingine. Waambie!" Machozi yanamlenga, na katekista ndiyo kwanza ameanza hotuba, amefika kwa Musa na bado Yesu hajazaliwa. Kusema ukweli nikashindwa. Nikapaza sauti, "Jamani, leo basi linapakia kule darajani!"

Kwa hiyo watu wote wale, na ngoma, na sanduku kichwani kwa mama mmoja wa kwaya, tukateremka mpaka kwenye daraja linalojengwa, mimi mbele kama askofu, namwomba Mungu anishushie basi lolote, hata lori la mahindi. Hakushusha. Kulikuwa na matope, nondo, na mama msimamizi mwenye kofia ngumu anayepiga kelele, "Neema! Muda unakwisha, na hii kwaya ya nini? Gambuti zako ziko wapi?"

Neema akalishusha sanduku, akalifungua mbele ya wote, akatoa gambuti, akazivaa na kitenge chake vilevile. Wimbo ukakatika, ila mpiga ngoma, ambaye hasikii vizuri, akaendelea peke yake.

Katekista akanigeukia. "Mzee Lazaro, chuo kikuu chenyewe ndicho hiki?"

"Ndicho," nikasema. "Bado hakijaezekwa."

Yoo! Kicheko kilichotoka hapo, hata wachanganya zege waliacha makoleo. Neema, kofia ngumu kichwani, akapiga magoti palepale matopeni, akapiga makofi taratibu kama tunavyowaamkia wakubwa, akasema, "Asanteni kwa kunifikisha. Hapa nimepachagua mwenyewe. Babu aliona haya tu." Kina mama wakampigia vigelegele, nami nikatamani zege linifunike.

Tangu hapo kilabuni jina langu likawa Mkuu wa Chuo. "Mkuu, wanafunzi wamefaulu?" "Mkuu, tupe likizo basi!" Nacheka nao, nakunywa, si nilijitakia? Na nyumbani Neema anarudi na matope mpaka kwenye nyusi, ananichorea chini kwa kijiti jinsi nguzo inavyobeba uzito, sielewi hata nusu, nafurahi yote. Nikajiapiza sitapunga tena mkono kwa sifa isiyo yangu.

Ila jioni moja, mrija wa pombe uko mdomoni, rafiki yangu wa miaka mingi, Gervasi, akasema, "Mkuu, utani pembeni, binti wa matope vile ataolewa na nani? Ungeendelea kusema yuko chuo." Wenzake wakacheka.

Mimi nilishamficha mara moja, ikanitosha. Nikautoa mrija, nikaufuta, nikauweka mezani, nikachukua fimbo yangu nikaenda zangu. Kilabuni pale sijarudi tena.