Kisanduku Kilichomruka Fundi Antena

Inatangazwa kwa umma, kwa heshima zote na vichwa vikiwa vimeinama, kwamba matangazo ya biashara yamefariki dunia sebuleni kwa Fundi Antena, mtengenezaji wa televisheni, baada ya kuugua miezi mitatu. Yameacha yatima wengi: sabuni, rangi za nyumba na dawa ya mbu.

Muuaji ni kisanduku alichokiunda mwenyewe. Kilirekodi vipindi, na kila mara mtu alipoanza kuuza kitu kwenye skrini, fundi alibonyeza kitufe chekundu ili kukifundisha. Kikafundishika. Mwezi wa nne kikawa kinaruka matangazo chenyewe, kimya kimya, taa yake nyekundu ikikonyeza kama mtu anayeijua siri yako.

Lakini fundi alikuwa na jambo zito kuliko vipindi. Miaka miwili nyuma, kwenye harusi ya binti yake, alipewa kipaza sauti atoe nasaha za baba, akamaliza dakika ishirini akiisifu karakana yake, namba ya simu akaitaja mara mbili. Tangu siku ile binti hakumsemesha. Sasa Jumapili moja mchana aliketi na mkewe mbele ya kamera, iliyounganishwa na kile kisanduku, amrekodie mtoto video ya kuomba radhi.

"Mwanangu," alianza, "usiikose nafasi hii adimu ya kumsikia baba yako..."

Walipoitazama, mkewe alikuwepo. Fundi hakuwepo. Si maneno tu, hata mwili. Kiti kitupu, mto wake umebonyea. Kikombe mezani kilikuwa kimejaa, kikawa nusu, kikaisha. Na mkewe alikuwa akikigeukia kile kiti, akiitikia kwa kichwa.

"Baba watoto," mkewe alisema polepole, "hebu nipe mkono." Akampa. "Mbona wa baridi?"

Walirudia mara tatu. Fundi alinong'ona, akalia, akapiga magoti. Kiti kitupu. Mara ya tatu hata mto haukubonyea.

"Unaomba radhi kama unauza friji," alisema mkewe. "Sema ulichofanya, basi."

Fundi aliitazama ile taa. Safari hii haikukonyeza. Ilimkodolea.

"Nilikosea," alisema. Kisha, kwa kuwa ni yeye, akaongeza mengi mazuri.

Kwenye video alionekana sekunde mbili, neno lile moja likamtoka. Halafu kiti. Mkewe akaituma hivyo hivyo kabla fundi hajapata nafasi ya kubisha.

Kesho yake simu ililia. Binti.

"Baba, nimeirudia mara kumi. Nakuja Jumamosi. Hivi nani alikufundisha kusema vile?"

Sebuleni, kisanduku kilikuwa kimezimwa tangu asubuhi. Taa yake ikakonyeza.

"Yalikuwa maneno mengi," alisema fundi. "Mengine yalirukwa."