Sumaku na Paja la Baba

Mwaka 2015 nilikuwa nimemaliza chuo huku Marekani, nimetuma maombi ya kazi Louisville nzima, kisha Columbus, kisha Buffalo, na hakuna aliyejibu. Nikanunua sumaku nzito, pana kama kisosi, yenye pete ya kufungia kamba. Unaitupa mtoni, unaivuta polepole, inakuja na misumari, minyororo, siku moja sufuria. Kwa saa mbili nilikuwa siwazi barua pepe.

Niliificha kwenye buti la gari, ndani ya ndoo, nimeizungushia mataulo. Baba ana kipande cha guruneti pajani, tangu vita vya Kivu ya Kusini, kwetu Kongo. Nilipokuwa na miaka kumi na sita nilimtafsiria kwa daktari. Daktari alisema kipande kiko karibu na mshipa mkubwa wa damu, kikisogea kinaweza kuukata, na kwamba asikaribie kamwe sumaku yenye nguvu.

"Anasema je?" Baba akauliza.

"Anasema hakina shida. Kiache tu."

Alikuwa ametoka zamu ya usiku ghalani, macho mekundu. Niliogopa kumtisha. Baadaye nikaogopa kumweleza kwa nini sikumwambia.

Jumamosi moja aliingia garini kabla sijapata kisingizio. Tulishuka kando ya mto, upande wa Shively, nikamwonyesha jiwe la kukalia, mbali.

"Mimi ni mugeni?" akasema, lakini akakaa.

Nikaitupa sumaku, ikanasa chini ya maji. Nikavuta mpaka viganja vikachubuka.

"Bon, lete kamba," Baba akasema, akija. "Mikono yako ni ya kushika kalamu."

"Baba, usikuye hapa!"

Wazungu wawili waliokuwa wakivua samaki wakageuka. Baba akasimama. "Unanipigia kelele? Unaona haya na mimi mbele ya hawa?"

Akaishika kamba mbele ya mikono yangu, akavuta mara moja tu. Sumaku ikachomoka majini na rimu ya baiskeli, ikaja ikining'inia usawa wa mapaja yake. Nikairukia. Nikaanguka nayo topeni, nimeikumbatia tumboni, na pale pale chini nikamwambia yote kwa pumzi moja.

"Donc ile kitu inaweza kuniua," akasema, "na miaka sita ni weye peke yako ulikuwa unajua?"

"Ndiyo, Baba."

Akacheka. "Na mimi niko nabeba masanduku! Niko nacheza mu kanisa, naruka!" Akawatazama wale wazungu kana kwamba nao wangecheka. Kisha kicheko kikakatika. Akaweka kiganja juu ya paja, akakibana hapo, akaanza kurudi nyuma bila kunipa mgongo.

"Hapa nguvu yake inafika?"

Sikujua. Nilikuwa nimesoma kila kitu kuhusu sumaku ile, na sikujua.

"Rudi tena, Baba."

Akarudi hatua mbili, akijikwaa kwenye mawe. "Na hapa?"