Nyumba ya Koko Yenye Kuta Mbili

Wiki iliyopita mafundi walikuja kuezua paa la jengo letu hapa ughaibuni, Columbia Heights. Nilikuwa nimetoka zamu ya asubuhi, nimebandika maharagwe, mara nikasikia buti juu ya kichwa changu na vitu vikianguka nje ya dirisha. Kabla sijafikiri, nilikuwa nimeshamvuta binti yangu, tumechutama nyuma ya kabati. Akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba ni mafundi tu, mama. Nilijua ni mafundi. Magoti yangu ndiyo hayakujua.

Basi nikamsimulia, nawe nikusimulie, habari za nyumba niliyokulia Kongo, milimani juu ya ziwa.

Ilikuwa ya nyanya yangu, ambaye kwetu tulimwita koko, na ilikuwa kongwe kuliko zote kijijini. Mwanzoni ilikuwa ya mviringo, imesimamishwa na babu wa mume wake kwa nguzo moja ya mti mgumu uliokokotwa kutoka msituni. Baadaye wakubwa wa kikoloni walipoamuru watu wajenge nyumba za pembe nne, baba mkwe wake hakubomoa kitu. Alizungushia kuta nne nje ya ule ukuta wa zamani, akaezeka paa moja juu ya zote. Kwa hiyo tuliishi katika nyumba iliyo ndani ya nyumba, na kwenye pembe, kati ya ukuta wa kale na ule mpya, palibaki nafasi nyembamba zenye giza. Humo tuliweka vyungu, majembe na mbegu. Nikitumwa mbegu niliimba kwa sauti kubwa ili nisiogope, na koko alicheka: "Hii nyumba inakula wezi, haili wajukuu."

Paa lilikuwa nene ajabu. Jirani yetu mwezekaji hakuondoa nyasi kuukuu. "Mpya zinabebwa mgongoni na za zamani," alisema, nami nikimrushia matita ya nyasi kutoka chini. Kwa ndani zilikuwa nyeusi kwa masizi, ngumu kama gome la mti, zikinukia moshi na samaki wakavu. Mvua ikinyesha hukuisikia, ulisikia tu sombe, yale majani ya mihogo, ikitokota.

Siku moja, mchana, mvua ilikuwa imetoka kukatika. Koko alikuwa anatwanga sombe mlangoni, mara mchi ukanyamaza. Watu wenye bunduki walikuwa wanateremka kilimani.

Koko akanisukuma kwenye ile nafasi kati ya kuta. "Ingia nyuma ya vyungu. Usikohoe."

Akaingia nyuma yangu, akatufunika mkeka. Buti zikaingia nyumbani. Masufuria yakapigwa teke. Sauti moja ikasema, "Wamekimbia. Choma."

Koko alinifunika mdomo kwa kiganja kilichonuka majani mabichi, akajibana mgongoni mwangu kama mtoto. Sikuwahi kujua kwamba koko anaweza kuogopa. Hilo ndilo lililonitisha kuliko bunduki.

Nyasi za juu zilikuwa zimelowa, na za ndani ngumu, kwa hiyo moto haukuruka. Ulitambaa, ukatoa moshi mzito wa manjano. Buti zilipoondoka, koko alishika jembe akaupiga ukuta wa nje, ule ule aliokuwa akiukandika kila kiangazi kwa mikono yake, mpaka fito zikavunjika. Tukatoka kwa kutambaa hadi kwenye mahindi. Mwezekaji alikuwa amejificha huko. Paa lilipoanguka, yeye ndiye aliyelia, akiwa amejiziba mdomo kwa shati.

Koko alifia katika kambi ya wakimbizi, chini ya hema la plastiki. Mvua ikinyesha alilalamika, "Hapa mvua inapiga kelele kama haina wazazi."

Juzi nimempigia simu yule mwezekaji, sasa mzee sana. Ananiambia kijiji kizima ni mabati, bonde la nyasi limelimwa mihogo, na vijana hawajui hata nyasi ipi hukatwa. Nikamuuliza kama bado angeweza kuijenga nyumba ile, na kuta zake mbili.

"Kuijenga naweza, mutoto wangu," akasema. "Lakini nani atalala chini ya nyasi tena?"

Nilitaka kumjibu kwamba mimi. Badala yake nikamuuliza kama mvua imenyesha huko.