Chokaa ya Ukaguzi

Mama yangu ni mjane wa polisi, na miaka aliyoishi kambini haijamtoka. Nyumba yake iko Namuwongo, upande wa chini wa reli, mahali ambapo mvua ikikolea maji huingia ndani bila hodi. Kitanda chake kimeinuliwa kwa matofali. Magoti yake ni mabovu, hawezi kukimbia, kwa hiyo maji yakija hupanda kitandani akangoja yapungue. Nimemwomba mara nyingi ahamie kwangu Kyebando. Hataki. Anasema nyumba ile ndiyo kitu pekee alichoacha baba, na husema hivyo kwa sauti isiyojibiwa.

Basi tuliposikia kwamba serikali ina fedha za kuzuia mafuriko, na kwamba maofisa watapita kuona mtaro mpya ujengwe wapi, nilifurahi kama mtoto. Mtaro ukipita kwetu, mama atalala mvua ikinyesha. Sikutaka kingine.

Asiyeijua kambi hataelewa kilichofuata. Kambini, mkubwa akija kukagua, wake wa askari husugua nyumba na kupaka chokaa hata mawe ya njiani. Mkubwa akiuliza kama kuna shida, jibu ni moja tu: hakuna, afande. Mke aliyelalamika alimletea mumewe matata. Na safu yetu ya nyumba karibu yote ni wajane na wastaafu wa jeshi na polisi, wengi wao watu wa kaskazini wanaosema Kiswahili cha kambini. Mwenyekiti wa kijiji alipotangaza kwamba wageni wa serikali wanakuja, wao walisikia ukaguzi.

Nilipofika asubuhi ya siku ile nilikuta mtaa unang'aa. Matope yalikuwa yamezolewa, mawe yamepakwa. Ule mstari wa kahawia ambao maji huuacha ukutani kila msimu ulikuwa umefunikwa kwa chokaa, nyumba hadi nyumba. Jirani yetu Mkenya, muuza viatu vya mitumba, ndiye peke yake aliyeshangaa pamoja nami.

"Mama, sasa mmeficha kila kitu," alimwambia. "Hao watu wataona nini?"

Mama alimtazama kama kuruta. "Wewe nataka wakubwa akute nyumba yangu kama zizi? Kwenu hakuna adabu?"

Maofisa walikuja na viatu visafi, wakaondoka navyo visafi. Mmoja aliuliza maji hufika wapi. Mama, ndani ya gomesi, gauni lake la kanisani, alisimama wima kadiri magoti yalivyomruhusu. "Hapa maji kidogo tu, afande. Mungu nasaidia. Tunashukuru serikali." Nilipofungua mdomo alinikanyaga mguu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema wahenga. Siku ile aliyepona ni mgeni.

Mtaro ulijengwa juu kilimani, mbele ya nyumba zenye mageti, mtaro wa zege wenye mifuniko. Huko ukuta wa uzio mmoja ulikuwa umeanguka, na mwenyewe aliuacha vilevile mpaka maofisa walipouona. Mtaro wenyewe unaishia juu kidogo ya reli. Kutoka hapo maji hujitafutia njia, na njia yanayoijua ni ya kwetu.

Nilikwenda ofisini nimefura. Ofisa aliyenipokea, msichana mpole, alinieleza kwamba wao hupima thamani ya mali inayoharibika, na huko juu mali ni kubwa. Kwetu waliona nyumba nzuri, safi. Nikamuuliza godoro la mjane asiye na lingine lina thamani gani katika vipimo vyao. Akasema hilo ni swali zuri. Nilimchukia kwa jibu lile, ingawa vipimo hakuvitunga yeye. Mwenye nacho huongezewa, tumezoea, lakini huyu wa kilimani aliongezewa mtaro na sisi tukaongezewa maji yake.

Msimu uliofuata maji yalipita matofali. Jirani Mkenya alimtoa mama akiwa amembeba mgongoni, godoro likabaki linaelea. Maji yalipokauka, mstari mpya ulikuwa juu kuliko yote iliyotangulia. Mama akatafuta brashi yake. Nikamwambia safari hii hapana, ukuta ubaki hivyo mpaka wauone. Alinuna siku nzima, lakini aliitika. Nami nilikuwa na hasira, si na yeye. Kwa nini mtu aonyeshe aibu yake ndipo apewe haki?

Tulisumbua mpaka wakarudi. Mama aliwapokea mlangoni, akawahi kusema kabla hawajauliza lolote: "Nisamehe, afande. Nyumba ni chafu."

Walipouliza maji hufika wapi, aliwaingiza ndani. Aliketi kitandani, pale anapokaa kila mvua, na mstari ukapita nyuma yake usawa wa shingo. Ofisa alitoa simu akapiga picha. Mama alifunika uso kwa kiganja.

Walisema watalifikiria. Mpaka leo wanalifikiria, na ukuta bado nakataza usipakwe. Mama hakaribishi tena mtu ndani. Wageni huwapokea nje, juu ya mkeka, mlango umefungwa nyuma yake. Kila nikienda huniuliza kama wakubwa wamekwisha kuangalia, ili apake chokaa.