Kipulizio Hujaribiwa Alasiri

Nakumbuka asubuhi ya Jumamosi moja, msimu wa kuvuna pamba, niliposimama mbele ya kanisa letu la Nkololo nikiwa nimekumbatia tuba, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, kipulizio kipya kikiwa mdomoni, nikiamini kwamba hapakuwa na kijana mwenye bahati kunizidi katika wilaya nzima ya Bariadi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nakuandikia habari hii, mwanangu, kwa sababu jana ulinitumia kwa simu sauti ya tuba yako ukijaribu kipulizio kipya, ukaniuliza kama ukichukue. Sauti ni nzuri, sikatai. Lakini nyuma yake nilisikia majogoo wakiwika, nikajua umekijaribu alfajiri, na hapo ndipo shaka yangu ilipoanza.

Asiyepiga tarumbeta hukidharau kipulizio. Ni kikombe kidogo cha chuma, hutoshea kiganjani, huchomekwa na kuchomolewa. Hata hivyo, pumzi yote ya mpigaji hupita hapo, na tuba kubwa kama mtungi wa pombe ya harusi humtii huyo mdogo.

Bendi yetu ilikuwa na kipulizio kimoja tu cha tuba, kikuukuu, chenye ukingo uliobonyea. Wiki ile fundi wa vyombo vya muziki alifika kutoka Mwanza na vipya vitatu: kidogo, cha kati na kikubwa. Alituachia hadi Jumatatu tuchague kimoja, naye aondoke na viwili. Kiongozi wa bendi, Mwalimu Masunga, mkulima wa pamba aliyejifunza kusoma noti ukubwani, alinikabidhi vyote.

“Vijaribu vyote vitatu,” akaniambia. “Jioni, ukishatoka shambani. Wimbo mmoja uleule, beti zote tano.”

“Jioni nitakuwa nimechoka, Mwalimu.”

“Ndiyo maana.”

Sikuelewa, na ujana haupendi kuuliza mara mbili. Nikaamka mapema, midomo mibichi, kifua kimejaa, nikachukua kile kikubwa kwa sababu kiling'aa kuliko vingine. Nilipopuliza, vioo vya dirisha la kanisa vilitetemeka. Kulwa, mpiga ngoma wetu, alitoka mbio akicheka, akiniita “mwanangu” kwa Kisukuma.

“Ng'wanawane! Huyo ni fahali! Hata ng'ombe wa kule Meatu wameinua vichwa!”

Sifa hiyo ilinitosha. Vile viwili vingine sikuvigusa. Jumapili Mwalimu aliponiuliza kama nimevijaribu vyote kama alivyoagiza, nikajibu bila kupepesa, “Vyote, Mwalimu. Kikubwa kimeshinda.” Naye akaniamini, kwa kuwa mtu mkweli hupima wenzake kwa kipimo chake. Fundi akaondoka na viwili.

Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Yangu ilikuwa na urefu wa siku saba. Jumapili iliyofuata kwaya za jirani zilikusanyika kwetu. Limi, binti wa mfuma vikapu, alikuwa anaongoza kwaya yetu ya vijana kwa mara ya kwanza. Alikuwa amewafundisha wimbo wake tangu mahindi yalipokuwa ya magotini, akipita nyumba kwa nyumba kuwaomba wazazi wawaruhusu waje mazoezini. Wimbo huo haukuwa na kinanda. Ulisimama juu ya tuba yangu peke yake, kama ghala linavyosimama juu ya mawe yake.

Sisi wa bendi tulikuwa tumeandamana tangu barabarani, jua kali, tukipiga nyimbo tatu njiani. Zamu ya Limi ilipofika, midomo yangu ilikuwa imekufa ganzi. Kikombe kikubwa kinadai pumzi nyingi, nami pumzi niliimwaga yote barabarani kwa majivuno. Ubeti wa kwanza ulikwenda. Wa pili sauti yangu ikaanza kushuka, na vijana, kwa utii wao, wakashuka nayo. Wa tatu walishuka hadi wasichana wakakosa mahali pa kushikia. Limi akainua mkono, akausimamisha wimbo mbele ya wageni wote. Kisha mama mmoja kutoka viti vya nyuma akasema, si kwa ubaya, “Leo fahali amelala.” Kanisa likacheka. Limi hakucheka. Aliwaongoza vijana wake kurudi kuketi, mgongo umenyooka, na mimi nilitamani anitukane.

Kesho yake Mwalimu Masunga aliniita nyumbani kwake. Alikuwa anafungua nira ya maksai waliotoka kupeleka pamba ghalani.

“Unamwona huyu mwekundu?” akauliza. “Unajua nilimchaguaje?”

“Kwa pembe, Mwalimu?”

“Pembe ni za kuwaonyesha wageni. Aliyekuwa akimuuza alitaka niende asubuhi, nikakataa. Asubuhi kila maksai ni hodari. Nilimwomba amfunge kwenye mkokoteni tangu kukicha, nikafika saa tisa alasiri. Nilimkuta bado anavuta, kichwa chini, bila kelele.” Akatundika nira ukutani, ndipo akanitazama. “Ulivijaribu vyote vitatu?”

“Hapana, Mwalimu. Kimoja. Asubuhi.”

Hakupaza sauti. Alisema, “Kuchagua vibaya ni ujinga, na ujinga una dawa. Lakini uliniambia uongo, na aliyeulipia ni Limi. Nenda kamwambie. Usimwambie kando, mwambie mbele ya kwaya yake.”

Nilikwenda. Niliwaambia vijana wote kwamba hawakukosea wao, nilikosea mimi, na jinsi nilivyokosea. Limi alisikiliza hadi mwisho. “Kaka,” akasema, “ungetuambia umechoka, tungeimba beti mbili tu.” Mpaka leo sijasikia karipio lililonichoma kuliko hilo.

Nikarudia kipulizio kikuukuu hadi fundi aliporudi na vile viwili. Safari hii nilishinda nikipakia pamba, ndipo nikavijaribu vyote, wimbo uleule, beti tano. Limi nilimwomba asimame mbali langoni, akinipa kisogo, ainue mkono atakaposikia kinachomtosha kuimbia. Kwa kikubwa hakuinua. Kwa kidogo hakuinua. Kwa cha kati, kile kisicho na mng'aro wowote, mkono ulipanda na haukushuka hadi ubeti wa tano ulipoisha. Kwaya yake iliimba wimbo ule Jumapili mbili baadaye, wote, bila kusimama. Kipulizio hicho ninacho hadi leo.

Basi sikia, mwanangu. Umdhaniaye ndiye kumbe siye, na anayekudanganya zaidi ni nguvu zako mwenyewe za asubuhi. Kipulizio, kazi, rafiki, hata mwenzi wa maisha: usiseme umekijua kitu kabla hujakishika ukiwa umechoka. Usitegemee sikio lako peke yake. Mweke mtu mbali, anayekutegemea, akusikilize. Na ukiulizwa kama umejaribu, sema ulichofanya. Kosa lililokiriwa mapema hurekebishika. Likifichwa, hulipwa na asiyehusika.

Kwa hiyo leo usichukue chochote. Nenda kavune, ukirudi upige beti tano, kisha unitumie sauti hiyo. Mungu akujalie pumzi ndefu, mwanangu, na nguvu za asubuhi zitakapokuishia, akuachie za alasiri.