Daftari chini ya chungu

Asubuhi hii binti yangu amewasha makaa kwa karatasi za daftari la zamani, na ile harufu imenisimamisha mlangoni.

Papa alikuwa mwalimu. Siku moja, maman akipika maharagi, alinionyesha mafiga matatu chini ya chungu. Akasema Waamerika, kwa kuogopa mfalme, waligawa mamlaka mara tatu: figa moja linatunga sheria, la pili linatawala, la tatu linahukumu. Yote alikuwa ameyaandika katika daftari lake.

Jirani yetu, mwenye beji ya chama cha Rais, chama pekee nchini, kwenye kola, akaingia kuomba moto kama kawaida. Nikataka aone akili yangu.

“Papa, na sisi huku Zaïre, tuko na mafiga ngapi?”

Papa hakuwahi kunipiga. Kofi lake lilinikuta bado natabasamu.

“Mutoto iko na akili,” jirani akasema polepole. “Nani anamufundisha?”

Maman akamwekea makaa kwenye kigae, naye akashukuru, akaenda.

Papa akachana daftari, karatasi moja moja, akazisukuma motoni. Maharagi yalipoiva, sahani ya kwanza alinituma niipeleke kwa jirani.